Kwa Niaba ya Mwenyekiti

Kama uliwahi kuishi mtaani kwetu, hapa Mchafukoge, basi nyumbani kwako kuna karatasi yenye mwandiko wake. Itafute. Iko kwenye bahasha ya kaki, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki ya mtoto. Ni barua ya utambulisho, ile inayosema mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huu, mwenye tabia njema, tafadhali apewe ushirikiano. Chini kuna muhuri wa mviringo. Pembeni ya muhuri kuna sahihi ndefu yenye mkia, na kabla ya sahihi kuna herufi tatu ndogo: kny. Kwa niaba ya. Halafu, kwa herufi kubwa, MWENYEKITI WA MTAA.

Mwenyekiti mwenyewe barua yako hakuiona. Alikuwa Kariakoo dukani kwake, anauza ndoo na mabeseni kwa jumla, na ukimfuata kule na shida zako alikuwa anakutazama kwa huruma ya kweli, anakukaribisha soda, halafu anakwambia nenda kwa Mama Mjumbe atakuandikia. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Kazi ya mtaa tu ndiyo ilikuwa haimwingii, na kwa kuwa yupo wa kuifanya, haikuwa na haja ya kumwingia.

Mama Mjumbe ndivyo tulivyomwita wote. Alikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa kupitia viti maalumu, yaani vile viti ambavyo sisi wanawake tunatengewa pembeni ili tusije tukasukumana na wanaume kwenye vile vingine. Miaka kumi na saba alikikalia. Jina lake la kwenye kitambulisho nalijua lakini silitaji, mwenyewe hakulipenda, na mtaani lisingekufikisha popote. Ungemuuliza Mama Mjumbe, hata mpagazi aliyeshuka jana kutoka Lindi angekuelekeza: nyumba ya mlango wa bluu iliyobanwa na maghorofa mawili, ingia tu, hodi utaipiga ukiwa ndani.

Ofisi yake ilikuwa korido. Anakaa juu ya kigoda, anamenya mihogo au anachambua mchele, na ukifika anajifuta mikono kwenye kanga, anageuza sinia juu ya magoti na kuandika hapo. Muhuri ulikaa kwenye kopo la maziwa pamoja na vifungo vya nguo. Akikugongea barua alikuwa anaipuliza wino ukauke, mara tatu, kwa makini kabisa, na wakati huo huo anakusema: mbona mtoto hajanyolewa, mbona yule mume humwambii alete hela ya shule, mbona umevaa hivyo na unakwenda benki. Hukuondoka na barua bila kusemwa. Mimi wakati mwingine nilikuwa naifuata ile kusemwa, barua ni kisingizio.

Nilifika mtaa ule natokea Masasi, na mtoto mgongoni na cherehani ya kuazima, na alinipokea kwa utani. Nyie watu wa korosho, akasema, mmekuja kutumalizia maji. Nikamjibu nyie watu wa Pwani kazi yenu ngoma, maji mtayatakia nini. Akacheka mpaka akashika mlango. Barua yangu ya kwanza aliandika kwamba nimeishi pale miaka mitano, na nilikuwa na siku kumi na mbili. Nilipomwambia, mama, huo si uongo, na wewe mtu wa swala tano, akasema Mungu anamjua mpangaji kuliko karani anavyomjua. Mwanamke huyo huyo alimfukuza mwanawe mkubwa nyumbani wiki nzima kwa kusema uongo kuhusu jozi ya viatu. Mimi niliacha zamani kutafuta mantiki.

Watu wanasimulia sana habari ya kituo cha polisi. Alfajiri moja mama mmoja wa nyumba ya jirani alikuja analia kwamba mwanawe amekamatwa na bidhaa zake za barabarani. Mama Mjumbe alitoka vile vile alivyokuwa, mguu mmoja ndala nyekundu na mwingine ya kijani, hadi kituoni. Askari akamuuliza wewe nani. Akajibu mimi ni mwenyekiti wa mtaa, kwa niaba. Askari hakuwahi kusikia cheo hicho lakini alimwachia kijana. Baadaye Mwenyekiti alisifiwa kwenye mkutano kwa jinsi anavyosimama na wananchi wake, na yeye mwenyewe Mama Mjumbe alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Mikutano ya mtaa ilifanyika uwanja wa shule, na nilikuwa namtazama yeye tu. Alikaa mwisho wa benchi, nyuma kidogo ya Mwenyekiti, na vikaratasi mkononi. Likija suala la mtaro wa maji machafu, anaandika, anampenyezea, Mwenyekiti anakohoa na kusema yale yaliyoandikwa kana kwamba yamemjia sasa hivi. Siku moja alimpa kikaratasi alichoandikia pia mambo yake ya sokoni. Mwenyekiti akasoma kwa sauti nzito kwamba mtaro uzibuliwe kabla ya masika, kila nyumba itoe mtu mmoja, na nazi mbili. Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Siku ile hakuna aliyebaki hajui ni nani anayefikiri kwa niaba ya nani. Tulicheka, tukampigia Mwenyekiti makofi, tukarudi majumbani.

Nilimuuliza kwa nini hasemi mwenyewe. Maana sisi wanawake alikuwa anatusema kila siku, kwamba mdomo hatukupewa kwa ajili ya kulia ubwabwa tu, semeni, simameni, ulizeni. Lakini yeye mwenyewe kwenye mkutano hakuwahi kufungua kinywa kabla ya wanaume watatu kusema. Aliwahesabu kwa vidole chini ya kanga, niliona. Akanijibu kwamba akianza yeye watalipinga hata akisema jua linatoka mashariki. Kwa hiyo anawaachia watangulie, halafu anawashukuru kwa wazo lao. Alisema hivyo kwa kujisifu kidogo, kama mtu anayekuonyesha ujanja wa kupika wali kwa mkaa kidogo. Mimi niliona uchungu, na nilimwambia. Akaniambia niende nikashone.

Marehemu mumewe alimkubalia ujumbe kwa sharti moja, chakula cha mchana kisichelewe. Alipofariki, chakula cha mchana kiliendelea kuwa mezani saa saba kamili, ingawa wa kukila alikuwa yeye peke yake na yeyote aliyefuata barua saa hiyo. Nadhani alikuwa anaogopa kuonekana kwamba uongozi umemharibia nyumba. Kuna wengi walikuwa wanasubiri waone hivyo.

Sasa niseme lile ambalo yeye hakulisema wazi miaka yote. Alitaka kuwa mwenyekiti. Nililigundua mchana mmoja nilipomkuta korido hana mgeni, sinia magotini, anaandika nyuma ya kalenda ya zamani. Alikuwa anaweka sahihi yake ile yenye mkia, mara nyingi, mstari baada ya mstari, na chini ya kila moja ameandika cheo. Hakukuwa na kny hata mahali pamoja. Aliponiona akaifunika kalenda na ungo wa mchele na kuniuliza nimekuja kufuata nini.

Halafu Mwenyekiti akajenga Kigamboni, akahamia huko, akatangaza kwamba hagombei tena. Aliyasema hayo mbele ya wanachama wote, na akaongeza kwamba mtu wenu mnaye, mnamjua. Tuligeuka sote kumtazama Mama Mjumbe. Akatazama chini mwanamwali yule, mwenye miaka sitini na kitu.

Alichukua fomu. Ofisi ya chama walimwita, wakamkalisha kwa heshima na chai, wakamuuliza mama, nafasi yenu si ipo? Kwa nini uache kiti cha uhakika? Maana huwezi kuchukua fomu mbili. Akigombea uenyekiti anakiachia kiti maalumu mwanamke mwingine, na akishindwa anabaki hana hiki wala kile, miaka kumi na saba imekwenda na maji. Aliwajibu kwamba amesikia. Akarudi nyumbani, akajaza fomu ya uenyekiti kwa mwandiko wake mzuri, hakukosea hata nukta.

Mpinzani wake alikuwa jamaa mmoja anayeuza makava ya simu, mwenye miaka kama miwili mtaani na maneno matamu. Kwetu hakuna aliyemhofia. Mama Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba na mimi nilikuwa naye, nimebeba mwavuli wake. Na hapo ndipo alipojikwaa, mwenyewe, kwa mdomo wake. Katika kila korido aliwaambia wanawake wenzetu kwamba akipata uenyekiti, mambo yatakuwa na utaratibu. Ofisi ya mtaa itafunguliwa kila siku kuanzia saa mbili hadi saa nane. Barua zitaandikwa pale pale ofisini, kwa foleni, na kutakuwa na daftari. Hakuna tena kuhangaika milangoni kwa watu. Alilisema hilo kwa furaha, macho yanang'aa, alikuwa amelifikiria miaka.

Wanawake walimwitikia vizuri, walimshika mikono, wakamwombea dua. Akishatoka, mimi nimebaki nyuma kuokota mwavuli, ndipo minong'ono inaanza. Mwenzangu, umesikia? Saa mbili hadi saa nane. Foleni. Na mimi natoka sokoni saa kumi, nitamkuta nani? Dada mmoja muuza chapati akalieleza vizuri kuliko wote, akasema wenyeviti ndivyo walivyo, ukishampa mtu uenyekiti humwoni tena. Tumemwona yule wa ndoo. Huyu mama tukimfanya mwenyekiti tutampoteza, na nani atatuandikia? Afadhali awe mwingine huko juu, yeye abaki nasi. Hata wazo kwamba atakuwa hana kiti chochote halikuwapitia, kwa sababu kwao yeye alikuwa Mama Mjumbe kama vile nyumba ilivyo nyumba. Walimnyima kwa kumpenda. Nimelizungusha kichwani miaka mitano na sijapata namna nyingine ya kulisema.

Nasema walimnyima. Ngoja niliseme sawasawa.

Kura za maoni zilipigwa Jumapili baada ya adhuhuri, uwanja ule ule wa shule. Tuligawiwa vikaratasi vya daftari vilivyochanwa kwa rula, uandike jina moja, ukunje, utumbukize ndooni. Wagombea walikaa mbele kwenye benchi. Kabla ya hapo kulikuwa na maswali, na mzee mmoja akamuuliza Mama Mjumbe kama, yeye mwanamke, akiitwa kituoni alfajiri kumwekea mtu dhamana, atakwenda. Akamtazama mzee yule, ambaye mwanawe mwenyewe aliwahi kutolewa, akamuuliza kwa upole kwani ni nani amekuwa akienda. Watu wakacheka. Mzee naye akacheka. Jamaa wa makava akaulizwa ataleta nini mtaani, akasema maendeleo.

Mimi nilikuwa na kalamu na kikaratasi. Binti yangu Neema alikuwa amepata chuo, barua yake ya mtaa ilihitajika wiki ile ile, na mimi nilikuwa na magauni ya harusi ya watu yasiyoniruhusu kuondoka kwenye cherehani mpaka jioni. Nikawaza ile foleni. Nikawaza saa nane. Nikajiambia atashinda tu, kura yangu moja itamfanya nini. Nikaandika jina la jamaa. Nililiandika haraka na nikakunja karatasi mara nne, na mimi ndiye niliyembebea mwavuli.

Kura zilisomwa kwa sauti, moja moja. Mama Mjumbe alipata kumi na moja. Uwanja ulikuwa na wanawake zaidi ya mia. Alikaa na mgongo umenyooka mpaka karatasi ya mwisho, akasimama, akampa jamaa mkono. Viongozi wa chama wakamwambia yale yanayosemwa siku zote, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Akawaambia yeye amekubali tangu hajagombea. Akafunga kanga yake vizuri akaenda nyumbani peke yake, na mwavuli nikabaki nao mimi.

Kwetu anayeshinda kura za maoni hapati mpinzani, na Mwenyekiti alishahamia Kigamboni, kwa hiyo siku ya tatu tu jamaa wa makava alimfuata korido na kopo lake lile lile la maziwa, ambalo lilikuwa limekabidhiwa ofisini. Mama, nisaidie, dukani nabanwa, watu wananijia kutaka barua. Nilikuwepo. Nilitegemea atamtoa mbio. Alilitazama kopo, akalipokea. Jamaa alipotoka nilimfokea, nikamwambia huna hata cheo sasa, utawasainia kama nani? Akasema watu watapata wapi barua. Barua ya Neema ilikuwa ya kwanza kuandikwa, jioni ile ile, na chini yake aliandika kny kama kawaida.

Alibadilika, lakini si kwa mambo ya kuonekana. Aliacha kutusema. Ulifika, ukaeleza, akaandika, akapuliza wino mara moja, haya. Vikaratasi vya mkutanoni hakuandika tena kwa kuwa mikutano hakwenda. Mtaro ukaziba masika mawili mfululizo, na watu wakalalamika kwamba Mama Mjumbe siku hizi amekuwa mvivu. Jamani, binadamu hatuna haya.

Mwezi uliopita Neema alikuja nyumbani na fomu. Ana miaka ishirini na nne, chuo alimaliza, kazi hakupata, anauza vipodozi kwenye sehemu ya fremu ya duka pale Mtaa wa Kongo. Alikuwa amechukua fomu ya uenyekiti wa mtaa bila kuniambia. Nilishindwa kusema hongera, nilishindwa kusema hapana. Nikamwambia kwanza twende kwa Mama Mjumbe, akutie baraka. Niliamini kabisa kwamba yeye ndiye atakayempa moyo ambao mimi sikuwa nao.

Tulimkuta korido, kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba ameiweka juu ya kigoda. Taa ilikuwa inawaka mchana, maghorofa yamekula mwanga wote. Neema akamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaomba miwani. Aliisoma fomu yote kwa kidole, mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa. 

“Umejaza vizuri,” akasema. “Hawana pa kukuengulia.” Akaikunja, akamrudishia. “Sasa kairudishe. Waambie wakupe ya viti maalumu.”

Neema akasema kwa adabu kwamba yeye hataki kiti cha kutengewa.

“Najua, mama. Na mimi sikukitaka. Lakini hicho watakupa.”

 Nikamwambia Mama Mjumbe, hata wewe? Wewe ndiye wa kumwambia mtoto maneno haya?

Akavua miwani, akanitazama. Miaka mitano hakuwahi kuniuliza.

“Mama Neema, siku ile uliandika jina la nani?”

Nilitazama sakafu. Neema naye alikuwa ananitazama, nilijua bila kuinua uso. Mama Mjumbe hakuningoja nijibu, na hakuwa na hasira, ndiyo maana ilinichoma zaidi.

“Nilipata kumi na moja,” akasema. “Waliokuja hapa kuniapia kwamba walinipa wamepita hamsini. Nawe uliyekuwa ukishinda hapa hukuja kuapa. Nikajua. Nilikushukuru kwamba hukuniongezea uongo.”

Nikaanza kueleza habari za barua ya chuo, na magauni ya harusi, na saa nane. Nilieleza vibaya. Akanikatiza kwamba anajua, barua si aliiandika yeye. Ndipo Neema akaelewa kwamba ile kura ilinyimwa kwa ajili yake. Aliinamisha kichwa, akainyoosha ile fomu juu ya mapaja, halafu akaniuliza polepole.

“Mama, na mimi utanipa?”

“Nitakupa, mwanangu. Haki ya Mungu nitakupa.”

Nilijibu haraka, tena kwa sauti kubwa. Mama Mjumbe akageuza uso kwa Neema.

“Haya,” akasema. “Wa kwanza huyo, keshaapa.”

Hakucheka. Alimwomba Neema amsaidie kuishusha miguu, inakufa ganzi ikikaa juu sana, na sisi tukaaga.

Jumatatu asubuhi Neema alirudisha fomu ya uenyekiti akachukua ya viti maalumu. Karani alimsifu, akamwambia ana busara kuliko umri wake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya binti yangu, nimempangia vyeti vyake kwenye bahasha, na sitaficha: nilijisikia nafuu.